Pikapu ya Zamani na Pikapu ya Sasa: Je, Uzito wa Chuma Ndio Uimara?

Mtu apitaye Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, husikia mlio wa nyundo kabla hajaiona gereji yenyewe. Hapo ndipo magari ya mizigo yanapoletwa kutafutiwa vipuri na tiba, na hapo ndipo usemi mmoja unaporudiwa siku zote: gari la zamani lilikuwa chuma, la siku hizi ni bati. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Inafaa upimwe kwa mizani ya sayansi, kwa sababu mwenye pikapu anapoamua kununua gari, kulitengeneza au kuliacha, huamua pia juu ya riziki yake, na pengine juu ya uhai wake.

Vizazi viwili

Kizazi cha zamani kinajulikana sana katika Afrika Mashariki. Pikapu ya Peugeot 404 ilitokea mwaka 1967, Toyota Hilux ya kwanza mwaka 1968, na pikapu ya Peugeot 504 mwaka 1979. Katika Dar es Salaam magari ya namna hii hayakubeba mizigo tu. Wakati wa shida ya usafiri baadhi yake yaliwekewa mabenchi mawili yaliyotazamana na paa juu yake, yakachukua abiria, na watu wakayaita chai maharage.

Hilux ya mwaka 1968 ilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 77. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa tani moja hivi, nalo liliweza kubeba tani moja. Hilux ya mwaka 2020 yenye milango minne na injini ya dizeli ya lita 2.8 ina nguvu za farasi 204 na uzito wa karibu tani mbili. Lakini mzigo wake halali umebaki karibu tani moja ileile. Kwa hiyo uzito ulioongezeka haukwenda kwenye mzigo. Ulikwenda kwenye chumba cha abiria, kwenye vifaa vya usalama na kwenye injini yenye mwendo mkubwa zaidi.

Wala si kila pikapu ya sasa ni kubwa. Katika vichochoro vya Kariakoo hupita Suzuki Carry, ambayo watu huiita kirikuu. Gari hilo limeundwa kwa kufuata kanuni za Japani za magari madogo, ambazo tangu mwaka 1990 zimeweka ukomo wa injini kuwa sentimita za ujazo 660, na ukomo wa mzigo kuwa kilo 350. Anayelipakia zaidi ya hapo hutumia gari la kazi nyingine.

Kuumia kwa gari na kuumia kwa mtu

Jambo la kwanza analolitaja mtetezi wa gari la zamani ni unene wa bati lake. Ni kweli kwamba ajali inayoacha alama ndogo tu kwenye pikapu ya zamani huweza kuikunja pua yote ya pikapu mpya. Hata hivyo, kukunja huko kumekusudiwa na wahandisi.

Yai likianguka sakafuni huvunjika, lakini likianguka kutoka kimo kilekile juu ya godoro husalimika. Mwendo wake ni uleule; kilichobadilika ni umbali ambao yai limepewa ili lisimame. Ndivyo ilivyo kwa binadamu. Gari linalokwenda kilomita 54 kwa saa husafiri mita 15 katika kila sekunde. Likigonga ukuta na kusimama ndani ya sentimita 10, dereva aliyefungwa mkanda hupata kani inayozidi uzito wake mara 115 hivi. Pua ya gari ikijikunja na kumpa sentimita 60 za kusimamia, kani hiyo hupungua mara sita. Katika gari la zamani chuma hubaki kimenyooka, na pigo lote humwendea mtu. Katika gari jipya chuma hujitoa mhanga. Mifuko ya hewa na breki zinazozuia magurudumu kujifunga huongeza kinga hiyo.

Ipo pia desturi ya kuongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Kazi hiyo mafundi wa Gerezani wanaifahamu vema, na springi kweli huacha kulala. Lakini springi haisimamishi gari. Breki ndizo zinazogeuza nishati ya mwendo kuwa joto, na nishati hiyo huongezeka sawasawa na uzito. Pikapu ya tani moja iliyopakiwa tani mbili badala ya moja hudai breki zilezile zifanye kazi mara moja na nusu. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Mteremko mmoja mrefu watosha kuonyesha tofauti hiyo.

Ndani ya injini

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika injini ya dizeli ya zamani, pampu inayozungushwa na injini yenyewe husukuma mafuta hadi kwenye nozeli, nayo hufunguka kwa kanieneo ya kiasi cha mara 100 hadi 150 ya kanieneo ya hewa. Fundi huweza kuifungua, kuisafisha na kuirekebisha, na kuijua hali yake kwa kusikiliza mlio na kutazama rangi ya moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na vipuri haba, ufundi wa namna hiyo ndio ulioyaweka magari barabarani.

Katika injini ya dizeli ya sasa, mafuta huhifadhiwa ndani ya bomba moja la pamoja kwa kanieneo inayoweza kuzidi mara 1,600 ya ile ya hewa. Nozeli hufunguliwa kwa umeme, mara kadhaa katika mzunguko mmoja, kwa amri ya kompyuta inayopokea habari kutoka kwenye vihisi. Mafuta hupita katika matundu yenye upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yakawa ukungu mwembamba unaoungua karibu wote. Ndiyo maana injini hiyo hutoa nguvu nyingi kwa mafuta machache, na moshi wake mweusi ni haba. Faida hiyo si ya mwenye gari peke yake. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani; na wanaouvuta zaidi ni wachuuzi, wapagazi na mafundi wanaoshinda kutwa kando ya barabara.

Lakini kila uzuri una gharama yake. Nafasi kati ya sehemu zinazosuguana ndani ya pampu na nozeli hizo hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Chembe ya vumbi au tone la maji, ambalo injini ya zamani ingelivumilia, huikwaruza na kuiharibu. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli hudhuru vilevile, kwa kuwa hayana ulaini wa kutosha wa kulainisha pampu. Kwa sababu ya uchakachuaji huo, Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kufuata kipimo cha salfa katika dizeli kisichozidi sehemu 50 katika milioni.

Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Injini ya dizeli ya lita 4.2 iitwayo 1HZ, iliyotokea mwaka 1990, isiyo na tabochaja wala kompyuta ya kuongoza mafuta, iliendelea kufungwa katika Land Cruiser zilizoletwa Afrika miaka mingi baada ya injini za kisasa kuenea kwingineko. Wanunuzi hawakuipenda kwa ushamba. Walijua mafuta yao, barabara zao na mafundi wao.

Hukumu

Kwa hiyo pikapu ya sasa ni bora kwa nguvu, kwa matumizi ya mafuta, kwa hewa na kwa usalama wa binadamu. Pikapu ya zamani ni bora kwa uvumilivu, na kwa kutengenezeka popote palipo na spana na mtu mwenye akili. Uimara haukupotea, umehama. Zamani ulikaa katika unene wa chuma na mikononi mwa fundi. Sasa unakaa katika usafi wa mafuta na usahihi wa vipimo.

Mwenye gari jipya hana budi kubadili chujio la dizeli kwa wakati, kumwaga maji yanayojikusanya chini yake, na kujaza mafuta mahali panapoaminika. Mwenye gari la zamani azingatie kwamba chuma chake hakimlindi. Afunge mkanda, apunguze mwendo, na asipakie kupita kipimo. Naye fundi wa Gerezani asidhaniwe kuwa amepitwa na wakati. Sikio lililozoea kutambua nozeli mbovu kwa mlio lina maarifa ambayo kompyuta haiyatoi, kwani kifaa cha kupimia hutaja dalili tu, na kuufikia ugonjwa wenyewe ni kazi ya akili. Kinachohitajika ni kumpa kifaa hicho pamoja na mafunzo yake. Taifa linaloagiza magari mapya bila kuwafundisha mafundi wake litanunua gari lilelile mara mbili: mara ya kwanza bandarini, na mara ya pili litakapoharibika.