Anavyofundwa Daktari wa Kurekebisha Maumbile (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwona Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, akitengeneza upya nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza katika hospitali ya Sidcup, Uingereza. Leo tuingie wodini kwetu tuulize: daktari wa fani hii anapatikanaje?

Njia yake ni ndefu. Tanzania, shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka wa mazoezi kazini. Anayetaka ubingwa kupitia COSECSA, yaani Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, husoma miaka 2 misingi ya upasuaji kwa jumla, kisha miaka 3 fani yenyewe. Chuo hicho hakina kampasi ya madarasa. Mwanafunzi huwekwa katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya bingwa, na kila upasuaji anaoushiriki huandikwa katika daftari lake la kazi.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo hupita katika kujifunza kuamua. Kushona, kwa mwenye mkono mtulivu, hueleweka mapema kuliko watu wanavyodhani. Kinachochelewa ni kujua kidonda hiki kinataka nini.

Chukua mtoto aliyeungua kwa maji ya moto. Kidonda kikiwa safi na chini yake kuna nyama nyekundu yenye damu, daktari anaweza kuchukua utando mwembamba wa ngozi kutoka pajani na kuupandikiza. Siku mbili za mwanzo utando huo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda. Baadaye mishipa midogo ya damu huungana nao. Basi usaha ukiingia, damu ikijikusanya chini yake au mtoto akiusogeza, hufa. Ndiyo maana mwanafunzi hujifunza kufunga bandeji na kuweka banzi kwa makini yale yale anayoshikia kisu. Kiwiko kikiachwa kimekunjwa, kovu hukivuta na kukikaza, na mtoto atarudi akiwa hawezi kuunyoosha mkono.

Sasa mchukue dereva wa bodaboda aliyevunjika muundi, mfupa ukabaki nje. Hapo utando wa pajani haufai, kwa kuwa mfupa uliovuliwa utando wake wa juu hauna damu ya kuulisha. Inatakiwa nyama inayokuja na mishipa yake. Jeraha likiwa karibu na goti, msuli wa shavu la mguu hugeuzwa ukafunika. Likiwa katikati, hutumika msuli ulio chini ya huo. Likiwa karibu na kifundo kazi huwa ngumu zaidi. Mara nyingine huhamishwa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili, na mishipa yenye upana wa milimita 1 hadi 3 huunganishwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Usiku baada ya kazi hiyo ni wa mwanafunzi. Kila saa huikagua ile nyama: ikipauka na kupoa, damu haifiki, ikiwa ya samawati na kuvimba, damu haitoki. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa macho yaliyozoea ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huko hujificha, na daktari hulazimika kutegemea joto, kubonyeza kwa kidole, na rangi ya tone la damu baada ya kuchoma kidogo kwa sindano. Makovu ya keloidi nayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Ujuzi wa namna hii hupatikana kando ya vitanda vyetu, kwa bingwa aliyewaona wengi.

Tuna deni kwa wageni, na ni haki kulitaja. Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioanzisha shirika la afya la Amref mwaka 1957 na huduma yake ya madaktari wa ndege, wote watatu walikuwa wa fani hii. Hadi leo timu za kigeni huja kufunga midomo sungura, na watoto wengi hunufaika. Lakini timu hukaa siku chache. Mshono ukifumuka baada ya wao kuondoka, au kaakaa likihitaji upasuaji wa pili mtoto anapokua, anayebaki ni daktari wa hapa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa hospitali za rufaa: timu ya kigeni inapoomba chumba cha upasuaji, iwekeeni sharti moja. Katika kila upasuaji asimame mwanafunzi wetu wa ubingwa, afanye kazi chini ya usimamizi, na wagonjwa wote wakabidhiwe kwake na kwa bingwa wake kwa maandishi kabla ya wageni kupanda ndege.