Usajili: tunatazama nguvu, tunasahau uaminifu

Kila mwezi wa Julai, baridi ya Mlima Meru inapowaleta wazee wa Kijenge msikitini wakiwa na makoti mazito, kuna joto moja lisilopungua: joto la dirisha la usajili. Swala ya Alasiri ikimalizika, vijana hubaki barazani wakigawana wachezaji kana kwamba wao ndio wenye hundi. Huyu aje Yanga, yule aachwe. Simba wamepigwa kwa huyu, yule magoti yake yamekwisha. Sisi wa kamati ya msikiti, ambao wajibu wetu ni kuwakumbusha kwamba baraza ya msikiti si kijiwe, tunakiri mbele ya wasomaji kwamba mara nyingi tumesimama tukasikiliza, na wakati mwingine tumetia neno.

Kuchagua watu kwa ajili ya kazi ni jambo lenye historia katika dini yetu. Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) alilikagua jeshi lake na kuwarudisha nyumbani waliokuwa wadogo. Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa sababu alisifika kwa kulenga mishale. Samura bin Jundub aliporudishwa, alitoa hoja kwamba yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakashindanishwa, akamwangusha, naye akaruhusiwa. Abdullah bin Umar alirudishwa akiwa na miaka 14, akakubaliwa katika vita vya Khandaq alipofikisha 15. Huo ni uchaguzi unaotazama uwezo, unaosikiliza hoja ya aliyeachwa, na unaomngoja ambaye hajakomaa.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu wao. Katika soka lao la kushika mpira kwa mikono, tangu mwaka 1936 klabu hupeana zamu ya kuchagua vijana wapya, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye hutangulia kuchagua. Mpira wao wa kikapu una utaratibu unaofanana na huo, na humo alipita Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili katika orodha nzima, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile. Stephen Curry, ambaye leo dunia nzima inamjua, alichaguliwa wa saba mwaka huohuo. Haikupita hata mwaka, Thabeet akapelekwa kwa muda katika ligi ya chini kujiimarisha. Wataalamu waliolipwa kwa kazi hiyo, wenye vipimo na mikanda ya video, walivutwa na urefu wa futi 7 na zaidi. Basi sisi wa barazani tupunguze kuapa.

Kwetu hakuna zamu. Mwenye fedha ndiye anayetangulia, na mwenye mkia huuza alichonacho. Yanga walipomleta Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, na Stephane Aziz Ki kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan mwaka 2022, matunda yalionekana: mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kombe mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba nao walifika fainali hiyohiyo mwaka 2025, wakafungwa na RS Berkane ya Morocco. Hayo ni mafanikio, na hatuwezi kuyabeza. Lakini Arusha yetu, yenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid, haijaiona JKT Oljoro katika Ligi Kuu tangu iliposhuka mwaka 2014. Kijana wa hapa mwenye kipaji huisubiri simu kutoka mbali, na simu hiyo ikija, familia nzima hutetemeka.

Hapo ndipo tunapokumbuka Surat al-Qasas, aya ya 26. Binti wa mzee wa Madyan anamshauri baba yake amwajiri Musa (A.S.), na anataja sifa mbili za mwajiriwa bora: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Tuziangalie hoja zetu za barazani. Nguvu tunaijadili hadi adhana ya Magharibi. Uaminifu tunautaja pale tu mchezaji anapotuhama.

Mfano upo. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuachana na Yanga huku mkataba wake ukiwa hai. Kamati ya TFF iliamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ulichukua miezi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoiomba klabu ilimalize jambo hilo, na Juni 2023 kijana akaenda Azam kwa makubaliano. Sisi tulio wapenzi wa Yanga tulisema maneno mazito siku zile, mengine hayakustahili kutoka kwenye kinywa kilichotoka kusoma Tasbihi. Julai 2024, Clatous Chama alipotoka Simba kuja kwetu, tulishangilia. Safari hii waliotoa maneno mazito ni ndugu zetu wa Simba. Wachache sana, upande wowote, waliuliza swali la kisheria: je, mkataba wake ulikuwa umekwisha? Ulikuwa umekwisha. Aliyetimiza muda wake ni huru, na kumwita msaliti ni kumdhulumu. Tulichokuwa tukikipima ni rangi ya jezi.

Tungeyaacha hayo yabaki mzaha wa barazani, lau yasingetufuata ndani. Katika dirisha dogo la Desemba iliyopita, mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani, alikuja kwa kamati baada ya swala akiwa na mwanawe. Kijana ana miaka 19, ni beki wa kati, na amepitia madrasa yetu. Alikuwa na mkataba wa miaka miwili na timu ya daraja la chini, ambao mwaka mmoja na nusu ulikuwa umesalia. Timu kubwa zaidi ilimpigia simu usiku, ikamwambia asirudi mazoezini, asimwambie mtu, mengine wao watayamaliza. Fedha waliyoitaja ingeweza kuezeka nyumba ya mzee ambayo imesimama bila bati kwa miaka kadhaa.

Mzee hakuja kuuliza kama inafaa. Alikuja kuomba dua ya safari.

Tulimwambia yale tuliyofundishwa chuoni na ambayo kila Muislamu anayajua. Surat al-Maidah inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuingilia biashara ya ndugu yake. Kanuni za FIFA nazo zinaitaka klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iiarifu kwanza klabu yake kwa maandishi. Tukamshauri kijana ajibu hivi: waandikieni barua viongozi wangu, wakikubali nitakuja. Akajibu hivyo. Barua haikuandikwa, simu haikupigwa tena, na dirisha likafungwa.

Vijana wa barazani walitukasirikia. Mmoja alituuliza kama sisi ndio tutakaonunua bati. Hatukuwa na jibu zuri, na hadi leo hatuna. Tulichoweza kufanya ni kumsaidia mzee kuusoma mkataba ule kifungu kwa kifungu, na hapo tukagundua kwamba posho ya miezi mitatu iliyoandikwa ilikuwa haijalipwa. Mkataba unawafunga wawili. Tulikwenda na mzee kwa viongozi wa timu, tukazungumza kwa heshima, nao wakalipa miezi miwili na kuahidi mmoja.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi: mwana asisaini karatasi ambayo hamjaisoma, wala asiondoke bila nakala. Ulizeni muda, malipo, na matibabu akiumia. Akiitwa kwa siri, jueni kwamba anayemfundisha kuwakimbia wenzake leo hatakuwa na haya ya kumkimbia yeye kesho.

Kijana bado anacheza na timu yake. Akirudi nyumbani hukaa safu ya pili nyuma ya baba yake, na nyumba ile bado haina bati. Mwezi wa mwisho wa mkataba wake tumeuandika katika daftari la kamati. Siku hiyo ikifika akiwa na ofa halali mkononi, tutaisoma dua ya safari sote, wa Yanga na wa Simba.