Binti ana ndevu, baba ana wembe: Kifaa kipi ni salama kwa uso?

Dar es Salaam. Chukua mfano wa nyumba moja Sinza Mori, asubuhi ya Jumamosi. Bafu ni moja na foleni ni ndefu. Binti wa miaka 15 amejifungia humo karibu nusu saa, na mama ameshagonga mara tatu.

Anapotoka, amejifunika kanga hadi puani. Mama anaivuta. Juu ya mdomo kuna mkato mwembamba unaovuja damu, na ukingoni mwa sinki umeachwa wembe wa baba.

“Umefanya nini, mwanangu?”

“Mama, darasani wananiita Mjomba.”

Mama hapati la kujibu. Anachukua kitambaa safi, anambana pale palipokatika, anamwambia akae. Asichokijua binti ni kwamba mama yake naye, Jumapili usiku wenzake wakishalala, huketi mbele ya kioo na kibano akinyofoa ndevu nne, tano za kidevuni. Miaka yote hiyo hajamwambia mtu, hata mumewe.

Mfano huu ni wa kubuni, ila wanawake wanaonyofoa ndevu kwa siri wapo katika nyumba nyingi za Sinza, Temeke na kwingineko. Na kwa kuwa ni siri, kila mmoja anajifunza peke yake, kwa kifaa cha kwanza anachokikuta bafuni. Mara nyingi kifaa hicho ni wembe mtupu.

Kwanza, si ugonjwa

Kila binadamu ana vinyweleo usoni, mwanamke kwa mwanamume. Vingi ni vile laini, visivyo na rangi, ambavyo wengine huviita malaika. Mtoto anapofikia balehe, mwili wake huongeza homoni ziitwazo androjeni. Wavulana huwa nazo nyingi, lakini wasichana nao wanazo kwa kiasi kidogo, na hizo ndizo zinazogeuza baadhi ya vinyweleo kuwa vinene na vyeusi.

Ni vingapi vitageuka, hilo linategemea sana ukoo. Mama au shangazi akiwa na kivuli juu ya mdomo, binti akiwa nacho si ajabu. Ujauzito pia huweza kuongeza nywele usoni, na mara nyingi hupungua zenyewe ndani ya miezi sita hivi baada ya kujifungua.

Kwa hiyo kuziondoa ni hiari. Wapo wanaosema mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya fedha, na anayefurahia bahati yake aachwe nayo. Lakini binti anayeitwa Mjomba kila siku darasani hana matumizi nayo, na kumwambia “achana nao” hakumsaidii. Atarudi bafuni tu, na safari hii atafunga mlango vizuri zaidi.

Usalama ulikuwa kwenye mpini

Zamani wanaume walinyoa kwa kisu kirefu cha kukunja, na mkono ukitetereka kidogo ngozi ilikwenda nayo. Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya wembe mwembamba wa kutupa, unaobanwa ndani ya kichwa cha mpini ili makali machache tu yajitokeze. Mwaka 1915 kampuni yake ikatoa na wa wanawake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kilichoufanya wembe ule uitwe salama ni mpini wake na ile kinga ya kichwani. Wembe wenyewe ulibaki mkali vilevile. Katika nyumba nyingi mpini haupo. Wembe unanunuliwa dukani kwa Mangi, unavuliwa karatasi na kushikwa kwa vidole viwili. Huohuo unakata kucha, unafumua mshono wa sare ya shule, kisha unapanda juu ya mdomo wa binti. Hapo hakuna kinga yoyote.

Kwa uso wa msichana anayeanza, kifaa chenye hatari ndogo zaidi ni mashine ndogo ya betri ya kupunguzia nywele za uso. Ina ukubwa wa kalamu nene, na meno yake madogo yamekaa nyuma ya kinga, hivyo makali hayagusi ngozi moja kwa moja. Hainyoi hadi kwenye shina. Huacha kibutu kifupi kisichoonekana kirahisi. Huko kutofika chini kabisa ndiko kunakoifanya ifae ngozi zetu.

Sababu ni hii. Nywele za Mwafrika wengi zimejikunja. Ukizikata chini kabisa, au ukizing’oa, ncha inayoota upya hujipinda na kuingia tena kwenye ngozi. Mwili unaichukulia kama mwiba, panavimba, panakuwa kipele, na kipele kikipona kinaacha doa jeusi. Binti aliyekuwa akihangaika na kivuli cha nywele sasa anahangaika na madoa, ambayo huchukua miezi kufifia. Wengi hapo ndipo wanapokimbilia krimu za kung’arisha. Habari ya krimu hizo ina mahali pake hapa chini.

Upo pia ule wembe mdogo mrefu wa nyusi, wenye mpini wa plastiki na meno ya kinga kwenye makali. Si mbaya kwa mtu mzima mwenye mkono uliotulia. Sharti makali yawe na kinga kweli, na usivushwe juu ya chunusi.

Kifaa kingine ni springi: waya uliosokotwa wenye vishikio viwili. Unaukunja kama upinde, unauweka juu ya mdomo na kuzungusha vishikio. Nywele zinanaswa katikati ya mizunguko na kung’olewa. Hauna makali wala umeme, na unaoshwa kwa sabuni. Lakini unauma, macho yatalenga machozi, na kwa kuwa unang’oa, ule mkasa wa nywele kuota kwa ndani unabaki palepale. Unafaa zaidi vinyweleo laini vya juu ya mdomo. Kidevuni penye ndevu ngumu usipeleke. Kutinda kwa uzi, kunakofanywa na baadhi ya saluni, kunafuata njia ileile.

Kibano kinatosha kwa mwenye nywele tatu nne. Krimu za kuondoa nywele si kifaa cha mkononi, ila kwa kuwa watoto watauliza: zinayeyusha unywele kwa kemikali, na iliyotengenezwa kwa ajili ya miguu inaweza kuunguza uso. Isomwe karatasi yake na ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono, siku moja kabla.

“Ukinyoa zitaongezeka”

Hii ni kauli ya akina bibi wote, na imewazuia wasichana wengi kuomba msaada nyumbani. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, aliwafuatilia wanaume walionyoa uso na kuchunguza nywele zilizokatwa. Hakuona kwamba kunyoa kulibadili rangi wala kasi ya kuota kwake. Tafiti zilizofuata nazo hazikupata kwamba kunyoa kunazidisha nywele.

Bibi hakusema uongo kuhusu alichokigusa, lakini. Unywele ambao haujakatwa una ncha iliyochongoka. Ukikatwa unabaki na kichwa butu, na ukiota siku mbili unakwaruza kidole. Unene ni uleule wa mwanzo.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Mkato wa binti wa Sinza Mori ulikuwa mdogo na utapona. Cha kumtia mzazi wasiwasi zaidi ni kwamba ulifanywa na wembe wa mtu mwingine.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Wembe uliomkata baba Jumatatu unaweza kumwambukiza mtoto Jumamosi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2002, hivyo binti aliyekamilisha chanjo zake za kliniki ana kinga nzuri. Baba yake na mama yake, waliozaliwa kabla ya hapo, huenda hawana, na mtu anaweza kukaa na virusi hivyo miaka mingi asijue. VVU havidumu sana nje ya mwili, lakini si sababu ya kubahatisha.

Kanuni ya nyumbani basi ni fupi: wembe hauazimwi, hata kwa mke na mume. Saluni, iwe Kijiweni au barabara ya Shekilango, mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake. Akiambiwa “huu nimeutumia mara moja tu”, anyanyuke. Mashine nayo isuguliwe kwa brashi kuondoa mabaki, kisha kichwa kifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa kikauke. Kuipitisha kwenye moto wa kiberiti, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi, ni maonyesho tu.

Namna ya kufanya

Uso uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Kwa mashine, ukaushwe kabisa. Kwa wembe, upakwe povu au jeli, kamwe usinyolewe mkavu. Ngozi ivutwe kidogo kwa kidole, kifaa kifuate upande nywele zinakoelekea, kipite mara moja, mara mbili basi. Kurudiarudia ili pawe laini kama kioo ndiko kunakozaa vipele. Baadaye maji baridi na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Penye chunusi paachwe.

Kaka mtu naye asisahaulike. Kijana wa kidato cha nne mwenye vipele shingoni anasumbuliwa na tatizo lilelile la nywele zilizojikunja, na dawa yake ya kwanza si limau wala spiriti inayochoma. Aache kunyoa hadi chini, apunguze kwa mashine na kubakisha milimita moja hivi, kwa wiki kadhaa. Vipele vingi hutulia.

Ndevu zinapokuwa na sababu nyingine

Zipo nywele ambazo mashine haitoshi. Zikianza ghafla na kuongezeka ndani ya miezi michache, zikija pamoja na sauti kuwa nzito, nywele za kichwani kupungua mbele, au hedhi kukaa miezi mitatu bila kuonekana, safari ni hospitali. Vivyo hivyo mtoto wa kike anayeota nywele za sehemu za siri au kwapani kabla ya miaka 8.

Sababu inayoongoza kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa ni hali inayofahamika kwa kifupi PCOS, ambapo ovari huzalisha androjeni kupita kiasi. Inakadiriwa kumpata takribani mwanamke mmoja kati ya kumi duniani, na wengi hawajui kuwa wanayo. Dalili nyingine ni hedhi isiyo na mpangilio, chunusi zisizokoma na uzito kuongezeka, na baadaye huweza kuleta ugumu wa kushika mimba na kisukari. Dawa zipo. Mkazi wa Sinza anaweza kuanzia hospitali ya Palestina, na akihitaji bingwa atapewa rufaa.

Sababu ya pili iko kwenye kabati. Baadhi ya krimu za mkorogo huchanganywa na dawa za steroidi kali, kama clobetasol na betamethasone. Zikipakwa usoni kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa huonekana, na nywele huanza kuota mashavuni. Mtu anatafuta weupe, anapata ndevu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini mchanganyiko unaopimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kopo lisilo na jina hauna wa kuuthibitisha. Aliyekwisha kuzoea asikatishe kimyakimya. Uso unaweza kuwaka. Amwone daktari wa ngozi amwelekeze namna ya kuacha.

Na ipo ya tatu, ngeni kidogo. Vijana wengi mjini wanapaka minoxidil ili ndevu ziote. Mwaka 2024 wataalamu wa Hispania walitoa tahadhari kuhusu watoto wachanga walioota nywele mwili mzima baada ya baba zao kutumia dawa hiyo. Nywele zilipungua baada ya mtoto kutoguswa nayo tena. Baba anayejipaka anawe mikono, na asimlaze mtoto shavuni.

Wembe uliokwisha kazi usitupwe wazi. Watoa taka wa mtaani hushika mifuko kwa mikono mitupu. Chupa ya plastiki yenye mfuniko, ya maji au ya juisi, inakusanya nyembe za mwaka mzima.

Sinza Mori, Jumamosi iliyofuata, mama amerudi na mashine ndogo mbili. Moja ameichora alama kwa rangi ya kucha nyekundu, anamkabidhi binti yake na kumwonyesha pa kuanzia.

“Na hii nyingine ya nani, mama?”

“Yangu.”