Marejeo Ngamani

Kerneli isiyowaka kabisa haina madhara makubwa. Mashine inakwama, mwenyewe anaizima, anaiwasha upya, anachagua kerneli ya zamani, kazi inaendelea. Inayoharibu ni ile inayowaka vizuri lakini imepungukiwa na kitu kimoja: haioni kadi ya mtandao, au haitoi sauti. Hiyo ndiyo inayoweza kumpotezea mtu kerneli halisi iliyokuja na mfumo, tena kimyakimya, kwa kufuata utaratibu uleule uliowekwa kumlinda.

Mfumo ninaouzungumzia ni FreeBSD, mzawa wa Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Afrika Mashariki mfumo huu si mgeni: warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji mitandao wa Afrika, ambazo zimewahi kufanyika Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, kwa miaka mingi zilitumia mfumo huu kufundishia watunzaji wa seva. Kila usakinishaji wake huja na kerneli iitwayo GENERIC, iliyojazwa draiva za vifaa vya kila aina ili iweze kuwaka karibu kwenye kompyuta yoyote. Ni nene, haina mvuto, na imejaribiwa na watu wengi kuliko kerneli yoyote utakayoitengeneza wewe.

Katika miaka ya 1990 kukompaili kerneli yako hakukuwa ushabiki. Mashine yenye megabaiti 8 za kumbukumbu haikuwa na nafasi ya kubebea draiva za kadi isizokuwa nazo. Hata baadaye sababu za kweli zilikuwepo. Aliyetaka jela za FreeBSD, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mfumo mmoja, zenye mtandao wa kwao wenyewe alilazimika kuongeza chaguo la VIMAGE kwa mkono, mpaka toleo la 12.0 la mwaka 2018 lilipoliingiza ndani ya GENERIC. Siku hizi draiva nyingi ni moduli zinazopakiwa pale zinapohitajika, na sababu iliyobaki kwa wengi ni kwamba inawezekana. Sidharau sababu hiyo, kwani nusu ya ufundi wa kompyuta duniani umeanzia hapo. Ila isifanyiwe mazoezi kwenye seva ya barua pepe za ofisi.

Sasa utaratibu wenyewe. Amri ya make installkernel, kabla ya kuweka kerneli mpya kwenye saraka ya /boot/kernel, huangalia jambo moja: mashine imewaka kwa kerneli ipi? Ikiwa ni hiyo iliyomo /boot/kernel, saraka nzima inabadilishwa jina kuwa /boot/kernel.old, na kernel.old iliyokuwepo inafutwa. Ikiwa mashine imewaka kwa kerneli nyingine, kilichomo /boot/kernel ndicho kinachofutwa, na kernel.old haiguswi. Mantiki yake ni kwamba kerneli iliyoweza kuiwasha mashine ni njema na itunzwe, na nyingine zote ni takataka. Kwa mashine, hapo hoja imekwisha. Kwa binadamu, kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili.

Tufuatane na mtunza seva anayeanza na GENERIC. Kerneli yake ya kwanza ikigoma kabisa, anarudi kwa kernel.old, anarekebisha faili la usanidi na kusakinisha tena. Kwa kuwa amewaka kwa kernel.old, kilichofutwa ni kile kilichogoma. Anaweza kushindwa hivyo mara kumi na GENERIC yake ikabaki salama. Lakini tuseme ya kwanza imewaka, ila mtandao haupo, kwa sababu aliondoa draiva ya kadi yake, na moduli yake pia hakuikompaili ili kuokoa muda. Mashine imewaka, ameshaingia, na kosa lenyewe linaonekana: mstari mmoja tu. Haoni kwa nini arudi nyuma. Anaongeza mstari, anakompaili, anasakinisha. Dakika hiyohiyo kerneli yake kilema inapandishwa cheo kuwa kernel.old, na GENERIC inafutwa kwenye diski bila mtu yeyote kuulizwa.

Ikiwa ya pili ni nzima, hakuna atakayejua kilichopotea. Lakini mtu aliyekwisha kuonja kupunguza huendelea kupunguza, na katika hiyo ya pili ameondoa pia ahci, draiva inayomwezesha kuiona diski ya SATA. Akiwasha, anakutana na neno mountroot>, mahali ambapo kerneli inakiri kwamba yenyewe imeamka lakini haioni diski yenye mfumo. Ukiandika alama ya kuuliza, inaorodhesha diski inazoziona. Orodha ikiwa tupu, hakuna cha kubishana. Atarudi kwenye kernel.old, nayo ni ile isiyo na mtandao.

Kabla ya kumtoa hapo, historia kidogo. Hadi matoleo ya 4, kerneli ya FreeBSD ilikuwa faili moja, /kernel, lililokaa kwenye mzizi wa diski likiwa na alama ya schg, ambayo hata mtumiaji mkuu hana budi kuiondoa kwanza ndipo aweze kulifuta. Kando yake lilikaa /kernel.GENERIC. Toleo la 5.0, la Januari 2003, liliihamishia kerneli ndani ya /boot/kernel pamoja na moduli zake. Mpangilio huo ni bora karibu kwa kila kipimo, isipokuwa kwamba lile faili la akiba lililokuwa likikaa pale bila kuombwa halikuhamia huko pamoja na kerneli.

Mabadiliko hayo yana matokeo yanayosahaulika wakati wa uokoaji. Kerneli sasa ni saraka nzima. Anayenakili faili moja kutoka mashine ya jirani na kuacha moduli za zamani zilezile anatengeneza tatizo jipya lisilo na jina. Vilevile kerneli inaweza kuwa mpya kuliko programu za mfumo zinazoizunguka, lakini haifai kuwa ya zamani kuliko hizo. Diski ya usakinishaji iliyookotwa kwenye droo inaweza kuwa na GENERIC nzuri sana ya toleo lisilo lako.

Kama msimbo chanzo bado uko kwenye /usr/src, hata kerneli kilema inaweza kuikompaili GENERIC upya. Mtandao hauhitajiki kwa hilo, subira tu. Amri ni make buildkernel KERNCONF=GENERIC, kisha make installkernel kwa jina hilohilo. Njia hii ina mtego mmoja. Kuna watu ambao, badala ya kunakili faili la GENERIC na kuhariri nakala, walihariri lenyewe. Kerneli itakayotoka itajitambulisha kuwa GENERIC, kwa kuwa jina linasomwa kutoka ndani ya faili, na amri ya uname -i itathibitisha uongo huo kwa moyo mkunjufu. Afadhali kutazama sysctl kern.conftxt, inayoonyesha usanidi uliotumika kuijenga kerneli inayoendesha mashine wakati huo.

Msimbo usipokuwepo, au ukiwa na mashaka nao, dawa ni diski au flashi ya usakinishaji ya toleo lilelile. Unawasha nayo, unachagua kuutumia mfumo moja kwa moja bila kusakinisha, unapachika diski yako kwenye /mnt. Kwenye saraka ya /usr/freebsd-dist ya flashi hiyo kuna faili liitwalo kernel.txz, na ndani yake ni GENERIC pamoja na moduli zake zote. Ibadilishe kwanza jina saraka ya kerneli iliyoharibika, usifungue kifurushi juu yake, la sivyo mabaki ya jana yatachanganyika na faili za leo. Halafu tar -xpf kernel.txz -C /mnt, na kuwasha upya. Kazi nzima ni fupi kuliko muda wa kuitafuta flashi.

Yote haya huepukika kwa amri moja iliyoandikwa mapema: cp -a /boot/kernel /boot/kernel.GENERIC. Jina hilo installkernel hailijui, kwa hiyo haitaligusa. Mwangalifu zaidi husakinisha jaribio lake kando, kwa INSTKERNNAME=kernel.jaribio, kisha nextboot -k kernel.jaribio, ambayo kwenye diski zenye mfumo wa faili wa UFS huijaribu kerneli hiyo mara moja tu. Ikigoma, kuzima na kuwasha kunakurudisha ulikokuwa. Wenye ZFS wana bectl tangu 12.0, inayohifadhi mfumo mzima kabla hujaugusa, nao huwa na kiburi kidogo wakisikia habari za kernel.old. Wana haki nacho.

Baada ya GENERIC kurudi, kuna mambo mawili ya kumalizia. Ikiwa kwenye /etc/make.conf kuna mstari wa KERNCONF unaotaja kerneli ya majaribio, uondolewe, maana mtu atakayekompaili mwakani bila kutaja jina ataijenga ileile. Pili, GENERIC iliyotoka kwenye flashi ni ya siku toleo lilipotolewa, haina viraka vya usalama vilivyofuata. Hapo ndipo kurudi kunapolipa: freebsd-update inasambaza GENERIC peke yake, na muda wote seva ilipoendeshwa na kerneli ya kujitengenezea, kila kiraka cha kerneli kilikuwa mzigo wa aliyeitengeneza. Endesha freebsd-update fetch, kisha freebsd-update install, washa upya, halafu linganisha freebsd-version -k na freebsd-version -r. Ya kwanza inataja kerneli iliyosakinishwa, ya pili inayoendesha mashine. Zikitofautiana, ulichowasha sicho ulichosakinisha, na pa kuanzia kutafuta ni /boot/loader.conf.