Kaunti Iliyofunga Shule Zake

Mwaka 1959 kaunti ya Prince Edward, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ilifunga shule zake zote za umma. Hapakuwa na vita wala tauni. Madiwani walikataa tu kutoza kodi ya elimu, shule zikakaa na kufuli miaka mitano.

Chanzo kilikuwa mgomo. Sekondari ya Robert Russa Moton, mjini Farmville, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi Weusi 180. Kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450, wengine wakisomea kwenye vibanda vilivyoezekwa karatasi ya lami. Aprili 23 mwaka huo, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, na wenzake walimtoa mwalimu mkuu shuleni kwa simu ya uongo, wakaita mkutano ukumbini, wakagoma. (Simu ile, kwangu, inashinda hotuba nyingi za wakubwa.)

Walichotaka ni jengo bora. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walikubali kuwatetea kwa sharti moja: wadai ubaguzi wenyewe ufutwe. Kesi yao ikawa miongoni mwa tano zilizoamuliwa pamoja na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1954 kwa jina la Brown, na ndiyo pekee iliyoanzishwa na wanafunzi.

Sasa tazama ujanja wa kisheria. Hukumu ya Brown ilikataza kutenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma. Haikusema kaunti lazima iwe nazo. Pasipo shule, walidai wakubwa wa kaunti, hakuna anayebaguliwa. Wakati huohuo watoto wa Kizungu walihamia akademia binafsi, na ruzuku za jimbo zikawasaidia kulipa ada. Weusi nao waliahidiwa shule binafsi. Wakaikataa, maana kuipokea kungekuwa kuifuta kesi kwa mikono yao. Gharama ilikuwa kubwa: wapo waliopelekwa kwa jamaa wa mbali, wapo waliofundishwa makanisani, na wapo ambao hawakurudi darasani kamwe.

Mwaka 1964, katika kesi ya Griffin dhidi ya kaunti hiyo, Mahakama Kuu iligusa mfuko: jaji aweza kuwaamuru madiwani watoze kodi ili shule zifunguliwe. Kwa maoni yangu hukumu hii inastahili umaarufu zaidi ya ilio nao, kwani haki isiyo na bajeti ilikwisha kuzungukwa mara moja.

Zilipofunguliwa, karibu wanafunzi wote walikuwa Weusi. Mwaka 2004 Virginia ilianzisha ufadhili kwa walionyimwa masomo. Aliyekuwa aanze darasa la kwanza mwaka 1959 alikuwa amevuka miaka 50.