Askari Waliofia Kolloa

Mtu asimamaye Kapsokwony asubuhi, ukungu wa Mlima Elgon ukiisha kupanda, huiona nchi ya Kimilili imelala chini yake, mashamba ya mahindi yakiendelea mpaka upeo wa macho. Katika nchi hiyo ya chini, kijijini Maeni, alikaa Elijah Masinde, mchezaji hodari wa mpira, ambaye katika miaka ya 1940 alianzisha Dini ya Msambwa. Habari zake wazee wa mlimani wanazijua. Lisilokumbukwa sana ni kwamba moto uliowashwa hapa ulikwenda kuunguza mbali, mpaka Kolloa katika Baringo, na huko askari wakafia kazini.

Mwezi wa Februari 1948 polisi walipiga risasi penye mkusanyiko wa wafuasi huko Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde alikamatwa mwaka uo huo, akahamishiwa Lamu, na dini yake ikapigwa marufuku. Lakini mafundisho yalikuwa yamekwisha kuwafikia Wapokot, ambao siku zile waliitwa Wasuk, kwa mkono wa Lukas Pkiech. Huyo naye alifungwa, akatoroka jela, akawakusanya watu wake porini.

Tarehe 24 Aprili 1950 kikosi cha Serikali kilikutana naye Kolloa, akiwa na wafuasi wengi wenye mikuki. Mapigano yalipokwisha, maofisa 3 Wazungu na askari 1 Mwafrika walikuwa wamekufa, na kwa upande wa pili Pkiech mwenyewe pamoja na wafuasi wake 28. Tume iliundwa kuchunguza, na ripoti yake ikatolewa.

Hesabu hiyo yastahili kusomwa polepole. Katika masimulizi ya Kolloa, mara nyingi maofisa hutajwa kwa vyeo vyao na Pkiech kwa jina lake, lakini yule askari mmoja hutajwa kwa tarakimu tu. Yeye hakutunga sheria, wala hakuanzisha dini, wala hakuchagua njia ya kupita siku ile. Amri ilitoka, akafunga mkanda, akaenda. Wale 28 nao walikuwa na wake na watoto, na kuwakumbuka hakumpunguzii askari heshima yake.

Ingedhaniwa kwamba mambo ya namna hiyo yalikwisha pamoja na ukoloni. Sivyo. Mwezi wa Novemba 2012 polisi walipelekwa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, kurudisha ng'ombe walioibwa kwa Wasamburu. Walikwenda pamoja na askari wa akiba wa wenyeji, na wengi wa polisi hao walikuwa vijana waliotoka chuoni karibuni. Walivamiwa bondeni, wakafa watu zaidi ya 40, na miili mingine ikalala huko siku kadhaa kabla ya kuchukuliwa. Haikupita miaka 2, polisi wengine wakavamiwa na kuuawa Kapedo, upande uo huo wa Baringo. Mazishi ya askari yana tarumbeta na risasi za heshima. Baada ya hayo mjane hubaki na karatasi: barua ya chifu, cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa, na ofisini, kila karatasi inayokosekana ni safari nyingine na nauli nyingine.

Hapa Kapsokwony kumkumbuka askari si jambo jepesi. Tangu mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force, lililotokana na ugomvi wa mashamba ya Chebyuk, liliwaua watu zaidi ya 600. Mwezi wa Machi 2008 Serikali ilileta jeshi na polisi katika Operesheni Okoa Maisha, na kundi likavunjwa. Lakini katika kazi hiyo mamia ya wanaume waliteswa, na wako waliochukuliwa wasirudi hata leo. Kwa hiyo mjane wa askari na mama wa kijana aliyepotea huweza kuketi benchi moja kanisani, na kila mmoja akiona sare hukumbuka jambo lake.

Mjini London, katika St James's Square, kuna jiwe dogo mahali alipopigwa risasi askari wa kike, Yvonne Fletcher, tarehe 17 Aprili 1984. Halikuwekwa makao makuu ya polisi, bali palepale alipoangukia, na wapitao kwenda kazini hulisoma. Jiwe la namna hiyo lingefaa Kolloa. Lingehitaji nafasi ya majina 33, na jina la yule askari mmoja lichongwe kwa herufi zilezile za maofisa wake.