Samani za Masasi: gogo lina muhuri, kabati halina jina

Fundi seremala wa Masasi na Newala anaishi kwa kalenda ya mkorosho. Minada ikifunguliwa Oktoba na fedha zikianza kuwafikia wakulima, karakana hujaa oda: vitanda, makochi, meza na makabati ya vyombo. Guta zinapanda na kushuka zikipeleka mizigo vijijini. Korosho ikiyumba, randa nayo inalala. Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, kila biashara inayotegemea mfuko wa mkulima ilionja machungu yake.

Mnunuzi wa kabati ana njia mbili. Dukani kuna la kisasa, jepesi, la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Linapendeza siku ya kwanza, ila likipata maji ya masika linavimba kama mkate. Kwa fundi kuna la mninga au mkongo, la sura ya kizamani: miguu iliyokerezwa, taji juu, vioo kifuani na droo chini. Useremala wa namna hii una historia ndefu huku. Wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 walijenga karakana zilizofundisha vijana ufundi.

Kutengeneza upya mtindo wa mababu si jambo la aibu kibiashara. Wafaransa waliujengea uchumi. Enzi ya Napoleon III, kati ya 1852 na 1870, matajiri wapya wa Paris walitaka makabati yafanane na ya wafalme wa karne zilizopita. Mafundi walirudia kazi za André-Charles Boulle, aliyefariki mwaka 1732, kwa kutia nakshi za shaba na gamba la kasa juu ya mbao nyeusi. Kifaransa chenyewe kinamwita fundi makabati *ébéniste*, jina linalotokana na mti mweusi wa ebony. Hata hivyo, makabati mengi ya enzi hiyo yalikuwa ya mti wa mpeasi uliopakwa rangi nyeusi.

Msomaji aliyewahi kununua kinyago barabarani anaujua mchezo huo. Mti mweupe unapigwa kiwi ya viatu, unang'arishwa, kisha unauzwa kwa bei ya mpingo. Dawa yake ni rahisi. Pima uzito mkononi, maana mpingo ni mzito hata unazama majini. Geuza kitu chini, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana: rangi ikitoka na weupe ukajitokeza, umeuziwa kiwi. Kwenye kabati, vuta droo uitoe yote, utazame mgongo na kitako chake. Fundi mwaminifu hukaza pembe kwa ulimi na tundu. Mwenye haraka hupiga misumari, akaficha kwa vanishi.

Lakini huko Paris wapo waliorudia mitindo ya kale bila kudanganya mtu. François Linke, mzaliwa wa Bohemia aliyefungua karakana mtaa wa Faubourg Saint-Antoine, ambao kwa biashara ya samani ni kama Keko ya Dar es Salaam, alitengeneza samani zilizofuata mtindo wa mfalme Louis XV, akatia saini yake. Kwenye maonyesho ya dunia ya 1900 jijini humo alipata medali ya dhahabu. Leo samani zake zinagombewa minadani kwa sababu ni za Linke, na hakuna anayedai kwamba ni za enzi ya mfalme huyo.

Sisi tunauza nini? Zaidi ni mti wenyewe. Mpingo wa kusini mwa Tanzania na Msumbiji unatafutwa na viwanda vya ala za muziki kama Buffet Crampon ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1825, na thamani kubwa huongezwa huko kwa kutengeneza klarineti. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha jinsi mbao za kusini zilivyovuja: takwimu za China za mbao zilizotoka Tanzania zilizidi mara kumi zile zilizoandikwa hapa. Upande wa heri, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu yao. Kijiji kinaweza kunufaika na mti bila kuumaliza, mradi kikumbuke kwamba mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa.

Sheria za kimataifa nazo zinamtega muuza mbao kuliko fundi. Tangu Januari 2017 mpingo uko chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimesamehewa, hivyo kinyago kidogo kinapita ila kabati zima la mpingo linahitaji kibali. Mninga na mkongo iliongezwa mwaka 2023, lakini masharti yake yanagusa magogo na mbao, si samani iliyokwisha kutengenezwa. Kwa maneno mengine, mlango ulioachwa wazi ni wa kazi ya mkono.

Mbao halali hupigwa muhuri wa nyundo ya misitu, ukaguzi ukajulikana. Kabati linalotoka Masasi halina hata herufi ya aliyelitengeneza, na likifika Dar es Salaam muuzaji hulipachika jina lolote apendalo. Kipande cha bati chenye jina la karakana, mji na mwaka, kikapigiliwa nyuma ya droo, hakigharimu fedha za kutisha. Fundi, anza na kabati lililoko mezani kwako leo.